Na korosho zangu je? Namna ya kumshuhudia jirani anayekujua

Mwezi wa nane mwaka 2017 nilipewa kipaza sauti kwenye mkutano wa injili, uwanja wa shule ya msingi, huku kwetu wilayani Tandahimba. Niliombwa ushuhuda wa dakika kumi, nikala thelathini na tano. Nikaeleza gongo. Nikaeleza waganga. Nikaeleza nilivyokuwa nalala mitaroni, ilhali mtaro niliowahi kulala ni mmoja na ni usiku mmoja. Nikafika pale panapopendwa, "lakini Bwana akanitazama", kwaya imeshaanza kujipanga nyuma yangu, ndipo mzee mmoja aliyesimama nje ya kamba, mikono kwenye usukani wa baiskeli, akauliza kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayeuliza saa ngapi:

"Na korosho zangu je?"

Watu wakacheka. Kwaya ikaingia kabla ya zamu yake, Mungu awabariki, nikashuka.

Siku hizi vijana wa kanisani huniuliza namna ya kumshuhudia mtu asiye Mkristo, yaani kumweleza Yesu alivyokubadilisha. Yote niliyo nayo ya kuwaambia yanaanzia kwenye swali la yule mzee.

Kwa msomaji asiye wa Kusini, nieleze kidogo. Mwezi wa tano, wa sita, chakula kimepungua ndani, ada inadaiwa, na mikorosho ndiyo kwanza inataka kupuliziwa salfa, dawa ya ukungu. Anakuja mtu na pesa mkononi, ananunua korosho ambazo bado hazijawa hata maua. Msimu ukifika, Oktoba, Novemba, anarudi na chombo chake kupima zilizo zake. Hiyo ndiyo kangomba. Serikali inaikataza, korosho zinatakiwa zipite chama cha msingi cha ushirika, ghalani, mpaka mnadani. Mimi niliifanya toka 2011 hadi 2016. Kopo langu lilikuwa la maziwa ya unga, lile kubwa, na kitako chake nilikigonga kwa nyundo kutokea ndani mpaka kikatuna. Nilikuwa naliita kilo. Lilikuwa linabeba kilo moja na robo, na juu yake bado nadai lijazwe mpaka lifanye kichuguu.

Na nilikuwa Mkristo muda wote huo. Babu yangu alibatizwa Masasi, ambako misheni ya Kianglikana ilianzishwa mwaka 1876 kwa watu waliotolewa utumwani. Baba yangu alipita jando la kanisa, lile alilolianzisha Askofu Vincent Lucas ili vijana wa Kikristo wasikose mila. Kwa hiyo jina la ubatizo ninalo, na daftari la kangomba nilikuwa nalo, vyote kwenye begi moja. Majirani zangu Waislamu walikuwa wanayajua haya yote kabla sijafungua mdomo.

Basi la kwanza: lipa. Kabla hujatafuta maneno, kaa chini uandike majina ya watu ambao ushuhuda wako unawahusu. Siyo wale unaotaka kuwashuhudia, hapana, wale uliowaumiza katika hiyo sehemu ya "zamani nilikuwa". Ukisema ulikuwa mlevi, kuna aliyekuwa anakusubiri mlangoni. Ukisema ulikuwa mwizi, kuna aliyeibiwa, na pengine ndiye amekaa safu ya pili. Daftari langu lilikuwa na majina 41. Nilijua idadi kwa sababu mfanyabiashara wa kangomba hatupi daftari.

Zakayo, yule mtoza ushuru katika Luka 19, aliahidi kurudisha mara nne. Mimi sikuweza mara nne, na ni vizuri useme wazi unachoweza. Bibi mmoja nilichukua kwake makopo 40 kwa shilingi elfu moja kila kopo. Hizo ni kilo 50. Msimu ule wa 2016 mnadani bei ilipita shilingi 3,000. Nikapiga hesabu kwa 2,800 ili nitoe makato, ikaja 140,000. Nilimpa 40,000. Namdai nini bibi yule? Ananidai mimi laki moja kamili.

Nilienda kwake asubuhi, yuko kwenye mkeka anamenya mihogo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umekuja kununua tena? Safari hii sina kitu."

Nikamweleza hesabu, nikaweka sitini elfu juu ya mkeka. Akafuta mikono kwenye kanga, akahesabu mara mbili, akainua noti moja kuelekea juani kuangalia kama ni halali. Kisha akaniuliza, "Nani kakutuma?"

Nikasema, "Yesu, bibi."

Akarudi kwenye mihogo yake. Akamenya mmoja wote mpaka mwisho. "Huyo Yesu wenu mwezi wa sita alikuwa wapi?"

Nilikuwa na mistari kichwani, tena mingi. Nikamwambia sijui, ila mimi nilikuwa nimekaa hapohapo alipokaa yeye, na nilikuwa namdanganya. Akasema, "Haya. Arobaini iliyobaki lini?" Mwisho wa mwezi. "Uje na hilo daftari, nione unavyolikata jina langu."

Sikuhubiri. Sikumwombea. Lakini bibi yule alikwenda kwenye foleni ya maji, na huku kwenye uwanda wa Makonde foleni ya maji ni ndefu, akawaeleza wenzake wote kwamba yule wa kopo la kitako amerudisha hela na anasema ametumwa na Yesu. Ushuhuda wangu ulitolewa na mama wa Kiislamu, na aliutoa vizuri kuliko mimi uwanjani, bila kuongeza mtaro hata mmoja.

Jambo hili si langu mimi. Neno "mlokole" tunalolitumia sasa kwa dhihaka limetoka Uganda, balokole, waliookoka. Ule uamsho uliowaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 na kusambaa Uganda, Kenya mpaka Tanganyika, watu wake walijulikana kwa kurudisha vitu vya wizi na kutaja dhambi zao kwa majina yake. Wazee wale kushuhudia kwao kulikuwa na mbuzi wa kurudisha, kamba mkononi. Sisi tumebakiza kipaza sauti.

Sasa maneno yenyewe.

Paulo alipojitetea mbele ya mfalme Agripa, Matendo 26, alikwenda kwa mpangilio: alivyokuwa, kilichompata njiani, anavyoishi tangu hapo. Mpangilio ni huo tu. Kosa letu liko kwenye vipimo. Tunatumia robo tatu ya muda kwenye dhambi kwa sababu ndiyo inayochangamsha, halafu Yesu anakuja mwishoni kama mgeni rasmi aliyechelewa. Mimi sasa sizidishi dakika tatu. Niliuandika kwenye karatasi, nikamsomea mke wangu, akakata sehemu mbili akisema "hili hukufanya". Tafuta mtu wa kukukatia. Awe anayekujua, na asiwe anakuogopa.

Wangu, nikimwambia mzee wa kijijini, uko hivi:

"Mzee, unajua nilikuwa nanunua kangomba. Kopo langu nilikuwa nimeligonga kitako, lilikuwa linabeba zaidi ya kilo. Siku moja nikamkuta binti yangu anacheza duka nyuma ya nyumba kwa kopo lilelile, anapimiwa mchanga na mdogo wake. Mtoto kajaza, yeye anamwambia, 'Bado. Ongeza. Bado.' Sauti ilikuwa yangu. Sikulala vizuri siku tatu. Ya nne nikaenda kwa katekista, nikasali mbele yake, nikamwambia Yesu kwamba nimemchoka yule mtu niliyekuwa, anisamehe na anishike mkono. Sikuona mwanga wala sikuanguka. Ila kesho yake niliamka nataka kulipa madeni, na mimi sikuwahi kutaka kumlipa mtu. Tangu siku hiyo namfuata yeye. Nimeanza kulipa. Wewe ni wa kumi na saba."

Umeona hakuna gongo. Nilikunywa, lakini siyo gongo lililonipeleka kwa katekista. Chagua kitu kimoja, kile chenye kopo ndani yake, kitu ambacho mtu anaweza kukiona. "Nilikuwa gizani" hakuna anayeliona. Binti wa miaka sita na mchanga kila mtu anawaona.

Na kwa kuwa nimemtaja binti: simulizi yako ina watu wengine ndani, waombe ruhusa. Binti yangu alipofika darasa la saba alinikataza kabisa, watoto wenzake walikuwa wanampitia na kumwambia "bado, ongeza". Miaka miwili nilishuhudia bila kumtaja, na kusema kweli ushuhuda ulikuwa unachechemea. Mwaka jana akaniruhusu mwenyewe, kwa sharti nisitaje jina lake. Silitaji.

Lugha. Hapa nitakawia kidogo maana ndipo wengi wanapoharibu bila kujua. Kanisani tunaelewana tukisema nimeoshwa kwa damu, nimevunja madhabahu za ukoo, nimevuka, nimetoboa. Mkeka wa jirani hauna maneno hayo. Mwambie mzee wa Kimakonde umevunja madhabahu za ukoo wako, atakachosikia ni kwamba umewatukana wajomba, na kwetu mjomba si mtu wa kutukanwa. Mwambie Mwislamu "damu imeniosha", atapata picha ambayo siyo uliyokusudia. "Mwana wa Mungu" nalo, wengi wanalisikia kama kuzaa kwa mwili. Sisemi uyafiche unayoyaamini. Akikuuliza, mjibu waziwazi, usikwepe. Ila usiyarushe mlangoni kabla hajakukaribisha kiti. Hata salamu: "Bwana Yesu asifiwe" ni ya wenzako. Mzee wa Kiislamu mpe shikamoo yake, muulize habari za tangu juzi, muulize mikorosho imeshika ubwiri au imepona mwaka huu. Usimwulize kwa hila ili umsogeze, muulize kwa sababu unataka kujua.

Neno "wasioamini" lenyewe nimeacha kulitumia nikiwa nao. Jirani yangu anaamka kabla yangu alfajiri, mvua ikinyesha anaamka. Nikimwita asiyeamini atanicheka, na atakuwa na haki.

Pia sitaji Kurani. Nilikua wakati wa mihadhara, miaka ya themanini na tisini, watu wanasimama hadharani na kitabu cha mwenzao mkononi wakitafuta pa kumkamatia. Sikumbuki mtu aliyerudi nyumbani na amani kutoka pale, wa upande wowote. Wewe ni shahidi, na shahidi anaeleza aliyoyaona, mabishano ni kazi ya mawakili. Kipofu wa Yohana 9 walimbana kuhusu Yesu ni mwenye dhambi au siye, akasema hilo hajui, analojua ni kwamba alikuwa kipofu na sasa anaona. Jibu lake lina maneno machache kuliko tangazo la mnada.

Wapi na lini? Mimi ni fundi baiskeli na pikipiki siku hizi, na nimegundua maongezi ya namna hii yanakwenda vizuri mikono ikiwa na kazi. Mtu anaweza kuangalia spoku badala ya kukuangalia wewe. Shambani wakati wa kupalilia ni pazuri. Barazani jioni ni pazuri. Lakini kuna watu siwashuhudii hata nikiwa na hamu: mteja ambaye baiskeli yake iko juu chini na magurudumu nimeyatoa, kwa sababu hawezi kuondoka. Mtu anayenidai au ninayemdai, mpaka tumalizane. Mgonjwa kitandani ambaye hajaniita. Mtoto wa mtu bila mzazi wake kujua. Mwanamke peke yake nyumbani kwake. Hapo naenda na mke wangu, au mke wangu anakwenda bila mimi. Na msibani nabeba maji, napanga viti, basi. Nimewahi kuona mtu anashuhudia makaburini huku udongo haujashindiliwa, na mpaka leo familia ile ikimwona inavuka barabara.

Kisha omba ruhusa. "Mzee, nina jambo langu moja nataka nikwambie, dakika chache tu, ukichoka nikatishe." Wengi wanakubali kwa sababu kila mtu anapenda habari. Akisema siku nyingine, ni siku nyingine. Usirudi kesho yake.

Ukimaliza, nyamaza. Hii ni ngumu kuliko kusema. Kuna mzee mmoja nilipomaliza alikaa kimya mpaka nikadhani kasinzia, halafu akaanza kunieleza ya kwake: mwanawe aliyekwenda kuvua na asirudi, na namna dhikri ya usiku ilivyomzuia asijitupe kisimani. Alizungumza karibu saa nzima. Ulimi wangu ulikuwa unawasha, nikaushika. Mimi nilimwomba asikilize yangu, sasa nikatae yake? Petro, waraka wa kwanza sura ya 3, anasema tuwe tayari kumjibu mtu anayetuuliza habari za tumaini letu, na anaongeza, kwa upole na kwa hofu. Wahubiri wetu wengi huo mstari wa 15 wanaishia kwenye "tayari". Mzee yule bado ni Mwislamu. Nikipika pilau ya Krismasi sahani yake inatangulia, na nyama anachinja yeye.

Maswali yatakuja, uyategemee. La kwanza huku kwetu ni hela: "Kanisa limekupa shilingi ngapi?" Mimi nawaonyesha banda langu la makuti na pampu ya mkono. Usijidai umefanikiwa kiuchumi kama hujafanikiwa. Nilipoacha kangomba kipato kilishuka, bati za nyumba zilisubiri miaka mitatu, na mke wangu aliuza kitenge chake cha sherehe tulipomalizia arobaini elfu ya bibi. Ushuhuda wa "nilipookoka milango ikafunguka" ukiusema mbele ya mtu anayeona mlango wako wa matete, umejimaliza.

La pili: "Si ulikuwa Mkristo hata zamani?" Nilikuwa, kwa jina. Sema hivyo, usiwatukane wazazi wako waliokubatiza.

La tatu ndilo zito. "Kwa hiyo mimi nisipokuwa kama wewe nitaungua?" Kijana mmoja wa bodaboda aliniuliza hivyo huku anacheka, lakini macho hayakucheka. Nilimwambia hukumu sijapewa mimi, na niliyemwomba anishike mkono ninamwamini kuliko ninavyojiamini, na nikipewa nafasi ningependa na yeye amjue. Akasema dini zote biashara. Nikamwambia biashara naijua, nilikuwa na kopo. Tukaendelea kubadilisha mnyororo. Kwa vijana wa namna hii, wasio na dini yoyote, sitaji mstari hata mmoja mpaka waombe. Wanachotaka kujua ni kama unadanganya, na watakuchunguza miezi.

Kuhusu sala ya toba, kumwongoza mtu papo hapo: wenzangu wengine wanahimiza usiondoke bila hiyo. Mimi sihimizi. Mtu akitaka kusali tutasali, hata chini ya mkorosho. Lakini mtu wa heshima anaweza kukubali sala ili tu usijisikie vibaya, kama anavyopokea chai asiyoihitaji, halafu wewe unaandika kwenye ripoti "roho moja". Ripoti siandiki. Anayetaka kujua zaidi nampeleka kwa katekista, na kama ana mke au mume namwambia kwanza azungumze na mwenzake, kwa sababu jambo hili likijulikana kwa mtaa kabla ya nyumba linavunja nyumba.

Daftari limebaki na majina matatu. Wawili walifariki, mmoja warithi wake nimewapata Newala, wa pili ndugu hawajakubaliana nani apokee, nimewaachia wazee wao wa ukoo. Wa tatu alihamia Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma, naambiwa yuko na hajambo, hela yake iko ndani ya bahasha.

Yule mzee wa uwanjani nilimlipa Desemba ileile ya 2017. Alipokea, akatia mfukoni bila kuhesabu, akasema "haya", akapanda baiskeli. Mpaka leo hajawahi kuniuliza neno juu ya Yesu na mimi sijawahi kumwongezea. Wiki iliyopita aliniletea tairi la nyuma, limepasuka pembeni, nikalishona na kuweka kiraka. Nilimtoza elfu mbili, kama ninavyomtoza kila mtu. Akalalamika kwamba ghali, akalipa, akabonyeza tairi kwa kidole gumba kuangalia upepo.

"Bado," akasema. "Ongeza."

Nikaongeza.